Kura za Nywele

Jumatatu, 3 Machi

Wateja leo: wanne. Mmoja wao ni Kipara, mwalimu mstaafu, ambaye hana hata unywele mmoja na huja kusoma gazeti letu. Kwa hiyo watatu.

Ng'ambo ameweka televisheni. Ng'ambo ni kinyozi wa upande wa pili wa barabara. Jina lake nalijua, lakini siliandiki kwenye daftari langu. Televisheni yenyewe kubwa kama mlango. Benchi lake limejaa. Langu limekaliwa na Kipara.

Hilo ningelimeza. Lakini jioni tukifagia, mdogo wangu akasema Ng'ambo amemwita akafanye kazi kwake, kiti cha dirishani. Bado hajamjibu. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuambia paa linavuja.

Mdogo wangu anashika kiti cha pili hapa saluni. Mwaka wa saba sasa. Hata wazee wanaomsema kwa ile misokoto yake ya nywele inayofika kiunoni huja wanyolewe naye. Mimi ndiye mwenye duka, yeye ndiye duka. Ananinyoa na mimi kila baada ya wiki mbili, maana kinyozi hajinyoi. Na nilimlea mwenyewe tangu wazazi walipotutoka, nikamfundisha kushika mkasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Haondoki.

Nimeshaamua. Benchi likijaa, atabaki. Watu hawafuati televisheni, wanafuata maneno. Nitawapa maneno.

Jumanne, 4 Machi

Mdahalo wa kwanza. Nimeandika kwenye kioo cha mlango kwa rangi nyeupe: HAPA TUNAVUMILIANA. LEO: SIASA.

Kufika saa kumi, watu kumi na mmoja. Kiti changu alikaa Katibu, yaani katibu wa tawi la chama. Kiti cha mdogo wangu alikaa dereva wa lori. Katibu akasema serikali imejenga barabara. Dereva akasema yeye ndiye anayepita kwenye hiyo barabara, kwa hiyo asisimuliwe. Katibu akageuka ghafla kumjibu, mashine ikapita mahali isipotakiwa kupita. Akasimama na nusu kichwa. Akasema kumbe mimi ni mpinzani na nimemnyoa kisiasa. Akavuka barabara na shuka yangu shingoni. Ng'ambo akammalizia. Shuka haijarudi.

Kura ya mikono haikufaa. Kipara alinyoosha miwili.

Lakini watu kumi na mmoja! Na mdogo wangu alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Dalili njema.

Mchana fundi cherehani alimletea chakula, kama kila siku. Ni rafiki yake, mabachela wawili wamepanga nyumba pamoja kubana matumizi. Shuka zetu zote kashona yeye. Huniita shemeji. Mcheshi sana yule. Miaka sita, mvua na jua, chakula kinafika kikiwa moto. Nilimwambia mke wangu kwamba laiti kila mtu angepata rafiki wa namna ile. Akasema ni kweli. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa ya kura. Sijui kwa nini mataifa hayakuiona mapema.

Nimeweka makopo mawili ya rangi chini ya kioo. Moja NDIYO, moja HAPANA. Mteja akishanyolewa, nywele zake ndizo kura yake. Anazikusanya mwenyewe na kuzitia kwenye kopo analotaka. Jioni tunapima kwa mizani ya jikoni ya mke wangu. Hakuna kupiga kura mara mbili, maana kichwa hakinyoleki mara mbili kwa siku. Na asiyenyolewa hana kura. Biashara na demokrasia, mkono kwa mkono.

Kipara akalalamika kwamba amenyang'anywa haki ya raia. Nikamwambia ana haki zote, kinachokosekana ni nywele.

Mada ya leo ilikuwa kama dini iingie kwenye siasa. Mhubiri na Ustadhi walibishana saa mbili kamili. Wote wawili ni wasemaji hodari. Lakini Mhubiri alipunguzwa kidogo tu juu ya masikio, na Ustadhi ndevu zake hazigusi. Kura zao zikawa nyepesi kama dua la kuku. Mwishowe suala zima likaamuliwa na muuza maji mmoja mwenye nywele kichaka, ambaye alikiri kuwa hakuwa akisikiliza.

Wateja kumi na wanne. Mdogo wangu akasema huu ni ujinga mtupu, lakini alisema akitabasamu. Nikamuuliza Ng'ambo je? Akasema ataona. Jana alisema hajui. Tunasonga mbele.

Alhamisi, 6 Machi

Mhubiri ameleta mada ya kesho. Nzito! Anasema siku hizi kila mahali watu wanazungumzia wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, basi na sisi tuzungumze: wavumiliwe au wasivumiliwe? Akaahidi kuleta watu wake. Ustadhi akasikia, akaahidi kuleta wa kwake. Nikahesabu vichwa, moyo ukadunda.

Nikaandika kwenye kioo. Mdogo wangu alinitazama nikiandika mpaka herufi ya mwisho. Akasema, kaka, si utafute nyingine? Nikamwambia kiongozi haogopi mada. Akauliza mimi mwenyewe nasimama wapi. Nikasema mwenye mizani hana upande. Nililipenda hilo jibu. Nikalirudia. Akaingia nyuma kuosha vitana ambavyo vilikuwa safi.

Fundi cherehani naye alipoleta chakula alisoma kioo. Nikamkaribisha awe msimamizi wa kura, kwa kuwa ni mtu mwaminifu. Akasema asante, ana zipu za kubadilisha. Leo hakuniita shemeji. Nadhani zipu zimemwelemea.

Nyumbani mke wangu akasema mada hiyo nisiitie dukani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kuna mambo mtu hujua bila kuambiwa, na kuna watu huambiwa wasijue. Nikamwambia aache mafumbo, anipe mizani.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Watu ishirini na sita. Wengine walisimama mlangoni. Ng'ambo alizima televisheni akatoka nje kuangalia. Niliona hilo kwa macho yangu.

Mhubiri akasema ni dhambi. Ustadhi akasema hapo hawapingani. Tangu nifungue saluni hii, ni mara ya kwanza wawili hawa kukubaliana. Niliguswa. Nikawapa soda. Katibu alirudi, na kofia, bila shuka, akasema mambo hayo yameletwa na wageni. Dereva wa lori akasema yeye amelala kwenye nyumba za kila aina barabarani, na nani yuko kwenye kitanda cha nani hakujawahi kumpunguzia usingizi. Watu wakamzomea.

Kisha Kipara akasimama. Akasema kafundisha miaka thelathini na minne, na katika kila darasa kulikuwa na mtoto aliyechekwa kwa sababu hiyo, na yeye alikuwa akigeukia ubao na kuendelea kuandika. Akasema leo angepiga kura kama angekuwa na nywele. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikapima. NDIYO gramu tisini. HAPANA gramu mia mbili na kumi. Nikainua mkono nitangaze.

Mdogo wangu akasema ngoja, kuna mteja. Akaja akakaa kwenye kiti changu mwenyewe. Akasema, kaka, nyoa zote.

Nikafikiri anatania. Miaka saba haruhusu mtu aguse ile misokoto. Nikauliza mara mbili. Akasema nyoa. Nikanyoa. Nakiri nilifurahi, maana alikuwa mteja wa ishirini na nilikuwa nimejiwekea lengo la ishirini. Ikaanguka mmoja mmoja, mizito kama kamba. Akainuka, akaikumbatia yote, akaitia kwenye kopo la NDIYO. Kopo likajaa, mingine ikaning'inia nje. Nikaweka kwenye mizani. Mshale ukapita mia tatu, ukapita mia nne.

Wote wananiangalia mimi. Yeye ananiangalia kwenye kioo, kichwa kitupu. Nilimwona kama alivyokuwa akiwa na miaka sita, siku niliyomnyoa kwa mara ya kwanza.

Na mimi nikafungua kinywa nikasema kwamba kwa mujibu wa kanuni, wafanyakazi wa saluni hawaruhusiwi kupiga kura. Kura imeharibika. HAPANA imeshinda.

Mhubiri akapiga makofi. Mdogo wangu akavua aproni, akaikunja vizuri kama anavyoikunja kila jioni, akaiweka kwenye kiti. Akachukua mkasi wake na shuka yake. Akavuka barabara.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti cha pili kitupu. Wateja: hakuna. Wote walionishangilia jana wameketi ng'ambo wakisubiri zamu yao kwa mdogo wangu. Mhubiri yumo. Ustadhi yumo. Naona kupitia kioo, katikati ya herufi za HAPA TUNAVUMILIANA.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mtoto ana hasira za bure, kanuni ni kanuni. Akaweka kijiko chini. Akasema, yule fundi cherehani, unadhani anakuita shemeji kwa sababu gani?

Nikasema mcheshi.

Akasema, baba watoto, fikiri.

Nikafikiri. Chakula cha moto. Miaka sita. Nyumba moja. Shuka zenye pindo safi, na ya mdogo wangu peke yake imetariziwa ua dogo pembeni. Nikauliza nani mwingine anajua. Akasema mtaa mzima, pamoja na mbwa wa dereva wa lori.

Nilikaa chini. Ishirini na sita waliingia dukani kwangu kumpigia kura mdogo wangu, na mimi ndiye niliyeshika mizani. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomi mtu. Sikujali hata kidogo anampenda nani. Nilijali kwamba alikaa kwenye kiti changu akiniomba neno moja, nikampa kanuni.

Lazima arudi. Nimeazimia.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwao. Alifungua fundi cherehani, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kola. Nikamwambia hodi shemeji. Akasita, akanipisha niingie.

Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi. Kichwa kitupu hajakizoea bado, alikuwa akikishika kila mara. Nikamwambia sikujua. Akasema anajua kuwa sikujua, na hilo ndilo linalomchosha. Nikamwambia samahani. Nikasema mbele ya shemeji, kwa sauti, bila kuongeza lakini. Akaacha pasi. Macho yakamlowa, na yangu.

Nikauliza anataka nifanye nini. Akasema ni jambo dogo. Akasema, kaka, mimi si mada. Siku utakapoyatoa yale makopo dukani, nitavuka barabara nirudi. Sihitaji kushinda.

Shemeji akatuletea chai. Njiani kurudi nilitembea haraka kama kijana. Jambo dogo! Makopo tu!

Jumatatu, 10 Machi

Nimeyatoa makopo. Asubuhi na mapema, yote mawili, jalalani.

Nimeweka mapipa.

Makopo yalikuwa ndiyo kosa, kijana ana akili. Nywele zake hazikuenea, nyingine zilining'inia nje, mtu yeyote angeweza kutia shaka. Mapipa yana mifuniko. Kanuni nimezirekebisha: wafanyakazi wanaruhusiwa, na ndugu wa wafanyakazi pia. Nimefuta kioo nikaandika upya: MARUDIO YA UCHAGUZI. TAREHE ITATANGAZWA. Anasema hahitaji kushinda. Ni unyenyekevu tu, tangu utotoni alikuwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuumia kwa kushinda.

Safari hii sitashika mizani. Atashika Kipara. Mimi nitapiga kura. NDIYO, hadharani, na kwa uzito ambao hakuna mhubiri wala ustadhi atakayeufikia.

Kwa hiyo nimeacha kunyolewa.

Jumatatu, 31 Machi

Wiki ya tatu. Wateja wawili kwa siku, pamoja na Kipara. Sijali. Mke wangu anasema nafanana na ufagio. Nywele zangu ni za kipilipili, zinakua bila haraka. Nimepiga hesabu: kufikia gramu mia mbili nitahitaji mwaka mmoja na nusu. Nina subira.

Leo mchana, wakati Ng'ambo amekwenda kula, mlango ukafunguka. Mdogo wangu. Kavuka barabara, mkasi mkononi na ile shuka yenye ua begani. Alisimama akayaangalia mapipa. Akayaangalia kwa muda. Kisha akayapita, akaja nyuma ya kiti changu, akasema, kaka, nywele zimeanza kukufikia masikio, na wewe huna wa kukunyoa. Kaa nikupunguze, tuyamalize.

Nilitamani. Mungu anajua nilivyotamani kukaa pale na kuhisi mkono wake ukiniinamisha kichwa.

Nikakataa. Nikamwambia asiguse hata unywele, hizi ni kura zake.

Alikunja shuka, akaikunja tena, akarudi ng'ambo. Nilimwona akijifuta macho mlangoni. Ameguswa, hilo liko wazi. Kesho naongeza pipa la tatu.