Lawama Niliyopewa ni Ndogo Mno

Iyula, Mbozi
18 Agosti 2004

Kwako Mhadhiri wa Sheria Ipyana,
(Wewe ni mtoto wa kaka yangu, lakini leo nakuandikia kiofisi.)

Marahaba, maana najua umeniamkia. Sisi wazima, na hata walioharisha wamepona.

Ulipokuja likizo ulikuta timu yetu imefungwa na timu ya kata ya Ruanda mabao saba, kwa sababu wachezaji walikuwa wakikimbilia migombani badala ya golini. Pale kilabuni tunapika pombe ya komoni wanawake watatu, na kopo ni moja, linazunguka. Hakuna aliyejua ni pombe ya nani iliyowachafua matumbo. Ukalisomea baraza la kata andiko lako la chuo: mkosaji asipojulikana, kila muuzaji abebe lawama kwa kadiri anavyouza. Walikupigia makofi. Mimi pia nilipiga, sikujua. Sasa nalalamika:

1. Felista amepewa lawama ya sehemu sitini kwa mia, Nesta thelathini na tano, mimi tano. Yaani mimi, ambaye komoni yangu ndiyo iliyokununulia sare za shule, nipewe tano kama mtu aliyepita njia tu.

2. Matokeo yalisomwa hadharani siku ya mnada. Watu wakajua nani anauza sana, wote wamehamia kwa Felista. Anajisifu waziwazi kwamba ndiye aliyewafanya wengi waharishe. Mimi nabaki natazamana na mapipa yangu. Imeniuma sana, sikufichi.

3. Kipa Watson aliumwa kuliko wote, naye ni mteja wangu asubuhi na jioni. Wamemhesabu kwa Felista. Namtaka Watson arudishwe kwangu pamoja na mabao yake yote saba.

4. Mwaka juzi wanakwaya walitapika njia nzima kwenda Saza, na hakuna aliyedai. Nao walikuwa wamepitia kwangu, ingawa mchungaji hajui. Nipewe hao pia.

Kwa hiyo naomba uandike andiko jingine, lenye maneno magumu zaidi, lithibitishe kwamba nina hatia ya sehemu zisizopungua sabini. Ukikataa, nitawakusanya wapika komoni wote wa Mbozi waliodharauliwa kwa kupewa lawama kiduchu, tukushtaki kwa pamoja, kama ulivyotufundisha mwenyewe.

Msalimie mkeo Naila, watoto, wanafunzi wako na hakimu yeyote unayefahamiana naye.

Ni mimi shangazi yako, mwenye hatia,
Tukuswiga

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mtendaji wa kata amepita na mkokoteni. Kumbe kila mwenye lawama anatoa maharage kwa walioharisha, kwa kadiri ya lawama yake. Felista analia. Basi nakukumbusha kwamba wiki ile nilikuwa Tunduma kwenye arusi ya Yasmini, binti wa wenye maroli, sikupika hata kopo moja, na Watson ameokoka tangu Pasaka, hanywi. Hizo tano nazo nazikatia rufaa.