Sauti ya Mama Mkwe Kwenye Diski ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kauliza ile sauti ya marehemu mama yake iko wapi. Ndiyo pekee tuliyonayo, dakika moja tu. Mdogo wake anafika Ijumaa kuisikiliza, mazishi hakuyawahi. Nikamjibu iko salama. Iko kwenye diski ya kompyuta ya zamani, ile yenye mfumo wa Linux. Kompyuta yenyewe ilishakufa. Hakuna shida! Diski nimeichomeka kwenye kompyuta mpya, iwe ya pili. Akashauri nimwite kaka yake, fundi wa kompyuta. Nimwite shemeji? Anicheke mpaka lini?

Jumanne, 4 Machi
Nimewasha. Ukawaka mfumo mpya, utadhani diski ya zamani haipo. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikaipiga kofi dogo. Vilevile. Sielewi.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Nimeing'oa diski mpya iliyokuja na kompyuta, ibaki ya zamani peke yake. Atake asitake! Linux ikawaka. Nikapiga kelele, mke akaja mbio. Ikadai nenosiri. Nikakumbuka kwamba nililiandika mahali salama kabisa. Ndani ya diski hiyohiyo.
Nikajaribu tarehe ya ndoa yetu. Imekataa. Mke, aliyesimama nyuma yangu, akasema hiyo si tarehe ya ndoa yetu.

Alhamisi, 6 Machi
Mke hanisemeshi. Nimemkuta jikoni analia, nikaumia kweli. Basi, nimemwita shemeji. Akashangaa kwa nini nahangaika kuuamsha mfumo wa zamani. Karudisha diski mpya, kawasha mfumo mpya, kisha kaifungua ya zamani kutoka humo. Nenosiri la zamani hata halikuulizwa! Eti mtu akitaka ufagio wa jirani halazimiki kuhamia kwake. Dakika tano. Bado sielewi. Nimemwambia hata mimi nilikuwa nimekaribia.

Ijumaa, 7 Machi
Mke na mdogo wake wamekaa kitandani, wameshikana mikono. Nikabonyeza. Mama mkwe akakohoa, kisha: "Wanangu, nawapenda wote. Ila huyo mkwe wangu asiiguse redio yangu. Kila anachotengeneza kinakufa." Wakacheka huku wanalia. Mimi pia machozi yalinitoka.
Maskini mama, katangulia bila kujua kipaji changu. Redio yake iko hapa sebuleni, inaongea vizuri tu. Kesho naifungua.