Mwezi Niliofunga na Bi Mwantumu

Jumanne, 2 Aprili 1957

Mwezi wa Ramadhani uliandama jana. Tusekile, mke wangu, bado yuko Rungwe anamuuguza mama yake, wiki ya tatu sasa. Nimejipikia ugali. Nje umeungua, ndani unga mtupu. Mbwa wa jirani ameunusa, akaenda zake.

Jioni harufu ya mihogo ya nazi ikavuka ua. Nazi! Hapa Mbeya! Bi Mwantumu, mwenye nyumba wetu, huletewa na lori kutoka kwao pwani. Nikapita mbele ya mkeka wake polepole. Nikapita tena. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ulimi ukajibu kabla yangu: hapana mama, nimefunga tu pamoja nanyi, kwa heshima ya mwezi.

Mimi Jailos! Mmoraviani, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa!

Mama wa watu akashika kifua. Akanikaribisha mkekani kila siku hadi Idi. Nimekula bakuli tatu.

Alhamisi, 4 Aprili

Njia imepatikana. Saa sita naacha cherehani barazani, nasema nakwenda kutafuta vifungo. Nashuka njia ya Ilomba, naingia nyuma ya migomba. Mahindi mawili ya kuchoma. Nanawa mtoni, narudi nikiburuta miguu kama mtu wa saumu.

Matano, fundi mwenzangu tunayegawana baraza, mtu wa Iringa, mwembamba kama sindano yake, ameuliza vifungo viko wapi. Nikasema vimekwisha dukani. Akasema na jana vilikwisha. Ana macho mabaya huyu.

Jumapili, 7 Aprili

Sifa zimeenea! Bi Mwantumu ameueleza mtaa mzima. Mwalimu wa chuo cha Kurani amenitolea mfano mbele ya waumini: kama Jailos Mkristo anaweza, vijana mna udhuru gani? Nimevimba kwa furaha. Mchana nimeongeza hindi la tatu.

Jioni nilifakamia mchuzi, machozi yakanitoka. Bi Mwantumu akadhani ni kiu ya kutwa. Akanipangusa kwa upindo wa khanga yake. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Bi Mwantumu ana homa. Anatetemeka chini ya blanketi, lakini futari amepika. Dresa wa dispensari amempa vidonge vya kwinini, akamwambia ale mchana na anywe maji mengi. Amekataa. Matano akamkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku zake baadaye.

"Ruhusa naijua, Matano, niliisoma kabla hujazaliwa," akasema. "Lakini huyu Jailos hakulazimishwa na mtu, na anafunga. Mimi nile, yeye ananitazama?"

Watu wote wakanitazama. Nikatazama muhogo wangu. Nikaurudisha bakulini.

Jumatatu, 15 Aprili

Homa haijapungua. Inabidi nitende jambo. Kukiri? Hapana. Ya nini kukiri jambo linaloweza kupangwa!

Mpango: asubuhi nimejikunja barazani, nimeshika tumbo, nimetangaza kwa sauti kwamba nimeshindwa, nafungua. Nikifungua mimi, naye atafungua. Safi kabisa.

Akainuka kitandani! Akaenda jikoni ameshika ukuta njia nzima, akanipikia uji. Akaninywesha mwenyewe, akisema nisione haya, nimejitahidi kuliko wengi. Nikamsihi naye anywe. Akasema sasa ndiyo hawezi kabisa: atafunga kwa niaba yetu sote wawili.

Uji ulikuwa na sukari na pilipili manga. Nimeona aibu. Nimeumaliza.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Mchungaji amesoma habari za Petro na jogoo. Najua hakunikusudia mimi. Lakini alikohoa akitazama upande wa sauti za chini.

Nimeapa kusema leo. Nimefika hadi kitandani kwa Bi Mwantumu. Midomo yake imekauka, imepasuka. Kabla sijafungua kinywa akanitakia heri ya sikukuu yetu. Akasema Jumapili, jua likizama, atanipikia yeye Pasaka, maana Tusekile hayupo na mtu hasherehekei peke yake.

Nikasema ahsante, nikatoka.

Ahsante! Katika maneno yote niliyojaliwa, nimelipata hilo.

Jumamosi, 20 Aprili

Ameanguka bombani saa tano asubuhi. Matano na mimi tukambeba. Hana uzito, kama kanzu isiyo na mtu ndani. Majirani wakajaa chumbani, wakamletea kikombe. Akageuza uso.

Nikasema. Mbele yao wote. Nikasema mama, kunywa, mimi sijafunga hata siku moja.

Mvua tu kwenye bati.

"Hata siku ile machozi yalipokutoka?" akauliza.

"Ilikuwa pilipili, mama."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. "Nipeni maji," akasema. Akanywa yote, akageukia ukuta.

Nje nikamwomba Matano amweleze kwamba nia yangu ilikuwa njema. Akasema alijua tangu siku ya kwanza: nywele za mahindi zilikuwa kwenye masharubu yangu. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilikungoja useme mwenyewe," akasema. "Nikangoja mno. Na mimi nina kosa."

Afadhali angenipiga.

Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili

Nimeimba vibaya. Mchana Tusekile ameshuka kwenye basi na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mama yake amepona. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alichinja, akapika. Jua lilipozama akajitwisha sufuria, akaenda kwa Bi Mwantumu.

Wamekula pamoja wanawake wawili, Pasaka na futari katika sinia moja. Nimewasikia wakicheka taratibu. Mlango ulikuwa wazi. Sikuweza kuingia. Nimekula ndizi zangu nimesimama jikoni.

Alhamisi, 2 Mei

Idi! Bi Mwantumu amepata nguvu, amevaa khanga mpya. Sahani ya pilau imefika kwetu kama ilivyofika kwa kila jirani. Hakunitenga. Nimetamani angenitenga.

Nikaenda kumpa mkono wa Idi na kuomba radhi. "Nimesamehe, fundi," akasema. Fundi. Kama anavyomwita mtu aliyekuja kutengeneza dari.

Ana siku kumi na mbili za kulipa. Atazifunga peke yake, mtaa mzima ukila mbele yake. Nikamwomba nimsindikize, siku zote kumi na mbili, safari hii kweli kabisa. Akasema ataanza Jumatatu, na mkeka wake haujawahi kumfukuza mtu.

Nimetoka nikilia. Hakukuwa na pilipili.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza ya toba yangu.

Saa tatu: safi. Saa tano: Matano amenisifu, nikamwambia hii ni kazi ndogo. Saa sita: kizunguzungu, uzi hauingii tunduni. Saa saba: nimefikiri kwa makini. Mtu asiye wa dini hiyo akifunga nusu siku, tena kwa moyo wote, mbona ni nyingi? Na kiporo cha Tusekile kingechacha. Kuacha chakula kiharibike ni dhambi kwetu na kwao.

Jioni Bi Mwantumu akatandika mkeka. Tulikuwa wawili tu. Amekonda. Alikuwa ametoa vikombe viwili vya uji.

"Umefunga?" akaniuliza.

Ningemwambiaje kwamba kikombe kimoja kimezidi?

Nikasema nimefunga.

Majuto! Makubwa kuliko ya mwezi uliopita. Kesho nitafunga kweli kweli. Ila kesho Tusekile anapika magimbi.

Basi, keshokutwa.