Bastola ya Baba na Hukumu ya Amerika

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeamka mzima. Asante Mungu. Magoti yote mawili yanauma, maana yake bado ninayo yote mawili.

Leo baraza. Naibu chifu Akiror, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, ametusomea barua. Serikali inataka silaha. Upinde, mikuki, na hasa bunduki. Ukileta mwenyewe mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, umesamehewa. Ukikutwa nayo, miaka saba ndani. Kila silaha inaletwa pale pale barazani, inainuliwa juu watu wote waione, halafu Ikapel anaandika jina la mwenyewe.

Ikapel! Jirani yangu. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi tangu Desemba, sasa anatembea na daftari hata chooni. Bunduki ilipotajwa alinigeukia, akatabasamu. Baraza lote likanigeukia.

Siwalaumu. Miaka arobaini nimewaambia nina bastola. Baba alirudi nayo kutoka Bama, kwenye vita vya Waingereza na Wajapani. Nimewaambia inang'aa kama jino la dhahabu. Nimewaambia mwaka wa 1984 niliua fisi wawili kwa risasi moja. Kwa ajili hiyo ng'ombe wangu hawajawahi kuibwa, na nikifika kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, wananiachia kile kiti cha kuegemea ghala.

Ukweli ninauandika hapa tu. Bastola ipo. Ina kutu mpaka ndani. Kile kidude cha kuvuta kwa kidole kilikatika kabla sijaoa. Risasi sijawahi kuiona hata moja. Alupo, mke wangu, huitumia kupasulia karanga.

Nikiipeleka barazani, Ikapel ataiinua juu na mimi nitaingia ardhini. Nisipoipeleka, jela. Hata hivyo nashukuru. Kuna wazee wenzangu hawana hata jambo la kuwaza.

Jumanne, 4 Februari

Mungu ni mkubwa na redio ni mtoto wake.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Mtangazaji akasema Amerika kulikuwa na mji uliokataza watu bastola kabisa. Mzee mmoja, umri wangu, akaupeleka mji mahakamani. Majaji wa juu kabisa wakaamua mji hauwezi kumnyima mtu bastola ya kujilinda nyumbani kwake. Ni hukumu ya miaka iliyopita, alisema, lakini wanasheria wa huko mpaka leo wanabishana mipaka yake. Nikajikata kidevu kwa furaha.

Mji mzima umeshindwa na mzee! Akiror ana kata ndogo tu.

Saa nne nilikuwa Busia, nje ya mahakama. Pale kuna Sydney, bwana anayepiga chapa barua za watu chini ya mwavuli. Anajua sheria zote isipokuwa zile alizoulizwa. Nikamweleza. Akakubali moja kwa moja. Akasema sheria ni sheria, na Amerika si kijiji. Akanichapia kurasa mbili: Mimi Emojong wa Malaba, ninayo bastola, iko ghalani chini ya wimbi, naomba mahakama imzuie naibu chifu asiiguse. Akanishauri niweke sahihi na kidole gumba pia, ili ikolee. Nimemlipa jogoo.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Alupo ameuliza jogoo yuko wapi. Nimesema yuko kwenye shughuli za mahakama.

Jumatano, 5 Februari

Busia tena. Masjala ya mahakama. Karani anaitwa Vivianne, binti mwenye miwani na subira.

Amesoma. Amesoma tena. Ameita wenzake wawili, nao wakasoma. Nikajua mambo ni mazuri. Halafu akafunga mlango.

"Mzee wangu," akasema, "hili si ombi. Hili ni kukiri kosa. Umeandika jina, umeandika silaha, umeandika imefichwa wapi, halafu ukatia kidole."

Nikamweleza ile hukumu. Hakunicheka. Akasema majaji wa Amerika wanahukumu ya Amerika, na katiba ya huko imeandika haki ya silaha. Yetu haikuiandika. Hapa bunduki ni kwa leseni, na leseni haitolewi kwa kitu ambacho baba wa mtu alitoroka nacho vitani. Muhuri alikuwa ameushika mkononi. Akasema akiugonga tu, nitatoka pale nikiwa katikati ya wale askari wawili wa mlangoni. Akaurudisha muhuri mezani. Akanirudishia karatasi zangu, akaniambia niende nazo jikoni, nisiende nazo kwingine. Akaninunulia chai na mandazi mawili.

Nashukuru sana binti huyu. Nilimwambia nina mjukuu hajaoa, ana kazi na meno yote. Akasema yeye ameolewa. Nashukuru pia kwa ukweli wake.

Njiani nikapata akili mpya. Mpaka! Nimepita Malaba, nikavuka daraja kwa miguu, nikamwona shemeji yangu upande wa Uganda, nikamwomba anitunzie kitu kidogo cha chuma. Alijua mara moja. Amesema Uganda nako kuna jela, na chakula chake ni kibaya zaidi. Sikuuliza amejuaje.

Alhamisi, 6 Februari

Mwaka huu wote sijawahi kuwa na akili kama ya leo.

Ikapel anatangaza njiani kwamba kesho yeye na Akiror watapita boma kwa boma kuwakumbusha wasahaulifu. Watakuja na askari. Amesema wasahaulifu, lakini alikuwa anaangalia nyumba yangu. Kwa hiyo swali ni moja tu: mahali gani mtu hawezi kuangalia?

Chungu!

Kwetu sisi Iteso hakuna anayechungulia ndani ya chungu cha ajono. Unakaa, unashika mrija wako kwa mkono wa kulia, unanyonya, macho yako juu kwa watu. Ukichungulia wewe ni mchawi, unatafuta pa kuweka sumu. Wazee wetu walikuwa na busara. Hawakujua wananifikiria mimi, lakini walinifikiria.

Na kesho Alupo anafungua chungu kikubwa, kuwashukuru majirani waliotusaidia kulima. Amekwisha kukijaza. Alipoenda kisimani nimeizamisha bastola katikati ya wimbi. Nilitaka kuifunga kwenye mfuko wa plastiki kwanza, lakini mifuko hiyo serikali imeikataza na mimi ni raia mwema.

Ijumaa, 7 Februari

Asante Mungu. Asante tena.

Walikuja saa tatu. Akiror, Ikapel na daftari, askari mmoja kijana wa kutoka mbali. Wakanikuta nimekaa kwenye kiti changu, chungu katikati, wazee sita wamezunguka, mirija midomoni. Wakatafuta ghalani. Wakatafuta chini ya kitanda. Wakamwamsha kuku anayeatamia. Hakuna kitu. Nikawaombea baraka.

Askari akasema bado chungu. Akasogea achungulie. Wazee sita wakapiga kelele kwa pamoja. Na nani aliyemkamata askari shati, akamvuta nyuma? Ikapel! Alimwambia kwa ukali kwamba hapa kwetu anayechungulia chungu ni mchawi, na kazi ya serikali haimpi mtu ruhusa ya uchawi. Mwenyekiti mwenyewe akilinda maficho yangu! Nilitaka kumbusu.

Ningenyamaza hapo. Lakini nilifurahi, nikamkaribisha mrija.

Akakaa. Akanyonya. Akafumba macho. Akasema hii ina nguvu. Okwakol, mkubwa wetu kwa umri, akaunga mkono, akasema tangu azaliwe hajaonja ajono kali hivi. Ilikuwa kutu! Wakamsifu Alupo. Wakaomba maji ya moto, yakamiminwa, wakanyonya. Wakaomba tena. Sijawahi kumwomba Mungu kiu ya watu iishe kama leo. Kadiri chungu kilivyopungua ndivyo nilivyoiona jela inakaribia. Akiror yeye hanywi akiwa kazini. Alikaa kwenye kigoda, akinywa chai, akingoja saa kumi na mbili ifike afunge zoezi.

Saa kumi mrija wa Ikapel ukagonga kitu. Akagonga tena. Akasema kuna jiwe. Nikasema wimbi ya mwaka huu ni ngumu.

Saa kumi na mbili kasoro Alupo, ambaye hakujua lolote, akaona watu wametosheka. Akainua chungu kumwaga machicha ya nguruwe kwenye beseni. Machicha yakatoka. Yakatoka mengine. Halafu ikatoka bastola ya marehemu baba, imelowa, nyeusi, miguuni pa naibu chifu.

Hata nguruwe alinyamaza.

Alupo akaiokota, akaipangusa kwa kanga. "Kumbe ilikuwa huku," akasema. "Karanga zangu tangu jana zinaningoja."

Okwakol ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote. Ikapel alicheka mpaka akaketi chini. Nikajua sasa wameona: kutu, kidude kilichokatika, fisi wawili wa uwongo. Lakini Okwakol akasema wao wanajua tangu zamani. Mke wake mwenyewe ameiazima mara mbili, msimu wa karanga. Wanaume wote pale wake zao wameiazima. Miaka thelathini wameniachia kile kiti wakijua, na hakuna aliyenitamkia neno.

Macho yalikuwa yameingia moshi.

Askari akatoa pingu. Akiror akamwinulia mkono. Akaangalia saa yake. Dakika kumi na mbili zilibaki. Akaniangalia mimi muda mrefu, kama mtu anayechagua mbuzi.

"Mzee Emojong," akasema taratibu, "hii umeileta, ama nimeikuta?"

"Nimeileta, mama."

Akamgeukia Ikapel amwandike. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwa Ikapel. Neno moja tu, imekutwa, na mimi ningezeekea jela ya Kodiaga. Amenichukia tangu nilipomshinda kesi ya mpaka wa shamba, na nilishinda kwa hila. Akaniangalia. Akaandika. Akanionyesha daftari ili nisome mwenyewe: imeletwa na mwenyewe, kwa hiari.

Halafu akavua koti lake, akaifunga bastola ndani, akaibeba hivyo mpaka ofisini, ili watu wa barabarani wasiione ilivyo.

Mungu ambariki Ikapel. Sitamfanyia hila tena maisha yangu yote. Nimeapa, na nimemwambia Alupo awe shahidi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeamka kwenye kitanda changu. Nimewashukuru kwa majina: Mungu, Akiror, Vivianne, Okwakol, na Ikapel mara mbili.

Nikaenda Malaba kununua chumvi tu. Kweli kabisa, chumvi tu. Foleni ya malori ilikuwa imesimama, madereva wamekaa kivulini, na habari imewafikia kwamba kuna mzee amesalimisha bunduki. Wakauliza ni yupi. Nikasema ni mimi. Wakaninunulia soda. Mmoja akauliza ilikuwa bunduki ya aina gani. Nilitaka kusema ukweli. Ulikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema ile ilikuwa ndogo.

Wakasogea karibu. Wakaleta soda nyingine. Nikasema kubwa imebaki, ya miguu mitatu, baba aliibeba mgongoni kutoka Bama. Mtu mzuri akiletewa soda mbili atafanya nini?

Kabla ya saa sita Akiror alikuwa amepiga simu. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ni mbaya zaidi. Amesema kwa heshima ya mvi zangu amenipa mpaka Jumatatu asubuhi nilete ya pili. Ikapel ameshafungua ukurasa mpya.

Ya pili sina. Kumwambia hivyo ni kumwambia mimi ni mwongo, na watu wamenistahi jana tu, siwezi kuwaangusha. Lakini Mungu hakuniweka mpakani bure. Ng'ambo ya daraja kuna fundi anayechomelea vitanda vya chuma. Nimempelekea vipimo vya ile ya miguu mitatu jioni hii. Mtu mwaminifu, hakuuliza swali hata moja. Nimemsisitizia jambo moja tu, aitie kutu ya kutosha. Akiror ni mama makini, hadanganyiki na kitu kipya.