Nafasi Moja ya Yokohama

Jumatatu, 5 Oktoba 2020

Mwaka wa laana huu! Machi nilifika hadi uwanja wa ndege, begi begani na barakoa usoni, nikaambiwa mashindano yamevunjwa, nirudi kwetu Uozu. Ya Aprili yakavunjwa. Ya Mei pia. Olimpiki yenyewe imesukumwa mwakani. Korona imekula msimu mzima wa jimnastiki, na mimi nimebaki na mwili wa miaka ishirini na tisa ambao haukubali kusukumwa mwakani.

Leo kocha Munakata katukusanya ukumbini, kila mtu kwenye alama yake ya mkanda sakafuni. Habari ni hii: limebaki shindano moja la kimataifa. Yokohama, Novemba. Wageni watapimwa kila asubuhi na kufungiwa hotelini. Klabu yetu imepewa nafasi moja, ya fito sambamba. Fito sambamba ni zangu! Hata paka wa kiwandani anajua. Kisha kocha akaongeza kwamba kutakuwa na mchujo Jumamosi ya wiki ijayo, kati yangu na Iwadate.

Klabu ni ya kiwanda cha kamaboko, ile keki ya samaki. Asubuhi tunafunga keki, mchana tunaruka. Mwezi uliopita meneja aliniita, akaniambia kwa upole sana kwamba nisipopata shindano la kimataifa msimu huu, kuanzia Aprili nitafunga keki asubuhi na mchana. Upole ule! Mtu mzima anatolewa roho huku anamiminiwa chai. Kwa hiyo ni Yokohama, au samaki hadi uzeeni.

Iwadate ana miaka ishirini. Adabu tele. Ananiita kaka Wakui, na akinisalimu anainama hadi pua inakaribia magoti. Mtu anayeinama namna hiyo anatafuta nini huko chini? Nitamchunguza.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimegundua! Asali!

Sote hupaka asali kidogo kwenye fito, juu yake chaki, mkono usiteleze. Lakini mkono wa Iwadate hautelezi kamwe. Ana chupa yake, imefungwa kitambaa cha maua. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, mbona asali yake inang'ang'ania hivyo. Akasema ni ya bibi yake, ana mizinga milimani. "Chukua tu, kaka, ukitaka."

Chukua tu! Mwenye siri husema hivyohivyo, ili umwone hana siri. Sikuchukua. Nikasubiri aende kuoga, nikamimina yake kwenye chupa yangu na yangu kwenye chupa yake. Kitambaa cha maua nikakirudisha vizuri. Kesho tutaona nani ni nani.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kiganja kimechanika. Naandika kwa vidole viwili.

Asali ya yule bibi ni gundi. Nilizunguka chini ya fito, mwili ukaenda, mkono ukabaki. Nikatua kwa tumbo. Kocha akaniuliza kama naogelea, na kama ni hivyo mbona sikuvaa nguo za kuogelea. Watu wakacheka nyuma ya barakoa zao. Wanadhani sioni mabega yakitikisika.

Iwadate, na asali yangu ya dukani, aliruka kuliko siku zote. Akatangaza kwamba fito za leo ni raha tupu. Halafu akaja mbio, akanifunga kiganja mwenyewe, pole kaka, pole sana kaka. Plasta aliitoa mfukoni. Ilikuwa tayari mfukoni! Nani hutembea na plasta kama hajui kwamba mtu atachanika?

Jumatatu, 12 Oktoba

Siku mbaya. Mpango ulikuwa mzuri, siku ndiyo mbaya.

Mlangoni mwa ukumbi hukaa Mama Otaki, mpishi na mlezi wa bweni letu. Zamani alishika mwiko. Sasa ameshika kipimajoto mfano wa bastola, na anawalenga watu usoni kwa furaha isiyofichika. Ukifika nyuzi 37.5, chumbani, hadi upimwe korona. Hata kocha aliwahi kurudishwa, kisa alikuja kasi kwa baiskeli. Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi. Iwadate akichemka kidogo tu, mchujo atausikia kwa jirani.

Nikachukua kofia ya sufu. Ndani yake nikashonea vile vipakiti vya joto tunavyoweka kwenye nguo wakati wa baridi. Zawadi! Kaka mkubwa anamhurumia mdogo wake kwa baridi ya asubuhi. Ili isipoe, nikaivaa mwenyewe nikimsubiri nje. Alichelewa. Nikavumilia. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Akaja. Nikamvalisha kwa mikono yangu. Akaguswa sana. Akainama kunishukuru, akainama mno kama kawaida yake, na kofia ikaanguka. Akaiokota kwa mikono miwili, akaipangusa, akasema zawadi kama hii haivaliwi kazini, ataitunza. Akaiweka kwenye begi! Mama Otaki akampima: 36.2, pita mwanangu.

Mimi: 37.9.

Nikajitetea kwamba ni kofia. Mama Otaki akaniangalia kichwani. Kofia gani? "Wee Wakui, kichwa kinatokota na bado unabishana? Chumbani! Na usiguse kitasa, nakufungulia mimi." Nimefungwa jela kwa sufu yangu mwenyewe.

Jumanne, 13 Oktoba

Asubuhi mlango ukagongwa. Nikafungua, hakuna mtu. Chini kuna kikapu cha mapeasi na kijikaratasi: kaka, ugua pole, ahsante kwa kofia.

Nimekaa nikakitazama kikapu. Kwetu ukipewa kitu unarudisha kitu, hilo halina ubishi. Lakini unasubiri siku zipite kidogo, na unarudisha pungufu ya ulichopewa, aliyekupa asione aibu. Huyu karudisha kesho yake, na kikapu kinashinda kofia mara mbili! Ama hana malezi, ama ananipelekea ujumbe. Malezi anayo. Basi ni ujumbe.

Sikula. Nikaweka peasi moja dirishani. Kunguru akaja, akala lote, akaniangalia kama mwenye nyumba aliyeishiwa chakula. Hakufa. Kwa hiyo ni sumu ya polepole, au kunguru naye yumo.

Mama Otaki akaniambia kupitia mlangoni nile matunda, mwenzangu kayachagua mojamoja kwa mkono wake. Kayachagua! Hata Mama Otaki ameona, basi tu hajui alichokiona.

Ijumaa, 16 Oktoba

Majibu yamekuja. Sina korona! Mchujo ni kesho na nitakuwepo.

Lakini kuna jambo. Kocha kaniambia kwamba majibu yangu yalipochelewa, yeye alitaka kumpa Iwadate nafasi bila mchujo, mambo yaishe. Iwadate akakataa. Alisema hawezi kushindana na kiti kitupu, atamsubiri kaka Wakui hata kama itabidi mchujo usogezwe. Ushindi wa bure ulikuwa mezani, akausukuma. Kwa nini? Mtu huacha sahani ya bure akijua kuna sinia jikoni. Sinia lenyewe silioni, ndilo linalonisumbua.

Kunguru bado mzima. Nimekula peasi moja. Tamu mno.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimeshindwa. Nimeandika haraka ili niumie mara moja.

Nilikuwa juu sana! Mizunguko yote safi, mikono imenyooka, kiganja kimetulia. Ikabaki kushuka tu. Nikiwa bado kwenye fito nikamchungulia Iwadate nione anafanya hila gani, na alikuwa amesimama ananipigia makofi. Mimi! Nikawaza, makofi ya nini haya? Nikaachia fito nikiwa bado nawaza. Mguu mmoja ukatua mashariki, mwingine magharibi, nikamaliza nimepiga msamba sakafuni. Yeye alishuka akasimama wima, hakutikisika.

Nilimpongeza vizuri, mbele za watu. Kisha nikaenda nyuma ya chumba cha barafu cha kiwanda, nikalia. Nimeanza kuruka nikiwa na miaka sita. Barakoa ilinyonya machozi yote, ikanigandia usoni, nikashindwa hata kupumua vizuri. Sitaki kufunga keki mchana.

Jumatatu, 19 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kocha kaniita ofisini. Dirisha wazi, baridi inaingia, pazia la plastiki katikati yetu. Mezani kuna ile saa ya jikoni ya Mama Otaki, maana siku hizi mazungumzo ya ndani lazima yawe mafupi: ikilia, unatoka, anaingia mwingine.

Kocha akasema Iwadate amekuja kwake. Amesema yeye ni kijana, ana misimu mingine, ila kaka Wakui ana huu mmoja, kwa hiyo nafasi ya Yokohama apewe kaka. Kocha amefikiri na amekubali. Akaniuliza kama nitaenda.

Moyo uliruka kuliko nilivyowahi kuruka mimi. Niende! Niende hata kwa miguu! Halafu nikashtuka. Ndilo lile sinia! Anipe nafasi, kwa nini? Nitafika Yokohama nikute nini? Nilihitaji muda wa kuchunguza. Na muda nilijua upo, kwa sababu kwetu hakuna mtu mwenye heshima anayemeza kitu kikubwa namna hiyo mara ya kwanza. Unakataa, unasisitizwa. Unakataa tena kwa sauti ya chini, unasisitizwa tena. Ndipo unakubali kwa unyonge. Hata kikombe cha chai ugenini tunakipokea hivyo.

Nikainama. Nikasema hapana, kocha, mimi sistahili, aende Iwadate aliyeshinda. Nilisema vizuri sana, hadi mwenyewe nikaguswa. Nikabaki nimeinama, nasubiri anisisitize.

Saa ya jikoni ikalia.

Kocha akasema ahsante, Wakui, kumbe wewe ni mtu mzima kweli. Akanyanyua simu palepale na kuwatajia Yokohama jina la Iwadate. Mlangoni mhasibu alikuwa ameshaanza kuingia, ananipulizia dawa ya mikono ili nitoke. Nikatoka kinyumenyume, bado nimeinama. Korona imeua hata mara ya pili!

Jumanne, 20 Oktoba

Nimejaribu kuokoa jahazi. Nikamwomba Mama Otaki amdokeze kocha, kama mazungumzo tu ya jikoni, kwamba kule kukataa kwangu kulikuwa kwa mara ya kwanza tu. Mama Otaki akaweka kisu chini. "Ulitaka akubembeleze kama bibi harusi? Mwanaume umeulizwa, umejibu. Kula supu yako." Tena majina yamefungwa. Kila anayeingia kwenye hoteli ile ameshapangiwa siku ya vipimo na chumba chake. Hakuna kubadilisha.

Iwadate alikuja macho mekundu. Akasema hajawahi kuona moyo kama wangu, na kwamba Yokohama atakayeruka ni mimi, siyo yeye. Akainama hadi nikaona kisogo chote.

Sasa nimeelewa! Alijua nina adabu. Alijua nitakataa mara ya kwanza. Alinitega kwa adabu yangu mwenyewe, akapata nafasi na sifa juu yake. Fundi yule! Nakiri, ni fundi.

Jumapili, 8 Novemba

Tumetazama kwenye televisheni ya mgahawa wa kiwanda, kila mtu na meza yake, tumekatazwa kushangilia kwa sauti. Ukumbi wa Yokohama nao hivyohivyo, maelfu ya watu wanapiga makofi bila kelele, unaweza kusikia fito zikilia.

Iwadate alipanda. Mzunguko wa pili goti lilijikunja kidogo, waamuzi hawakuliona, mimi nililiona. Akashuka, akasimama. Wa pili, nyuma ya mgeni mmoja tu! Nilijikuta nimesimama napiga makofi hadi kiganja kikafunguka upya. Nikakaa haraka. Nilikuwa najaribu kiganja.

Mtangazaji akamuuliza. Akasema medali hii nusu ni ya kaka yake Wakui wa Uozu, aliyepewa nafasi na akaikataa kwa sababu ya haki. Alinitaja mara mbili. Mama Otaki alilia kwenye aproni. Nchi nzima imesikia jina langu. Anataka nini tena kwangu, huyu kijana?

Jumanne, 10 Novemba

Meneja kapiga simu. Anafanyia kazi nyumbani, nyuma yake mtoto alikuwa analilia uji.

Akasema wakubwa wa kiwanda wametazama Yokohama. Wameguswa. Wateja wanauliza ni nani huyu Wakui. Basi wamekaa, wameamua: mambo ya Aprili yafutwe, niendelee kuruka mwaka mzima mwingine, na shindano la kwanza la nje litakalofunguliwa nipelekwe pamoja na Iwadate. Akaniuliza kama niko tayari.

Nilishika kingo za meza. Mwaka mzima! Lakini mimi si mtoto. Mwezi uliopita nilikuwa wa kufunga keki, leo ni kipenzi cha wateja? Nani kamtuma? Na hata kama hakutumwa, mtu harukii kitu kama mwenye njaa.

Nikajibu kwa sauti nzuri: hapana, meneja, nashukuru sana, mimi sistahili.

Akasema ameelewa, anaheshimu uamuzi wangu, na watampa taarifa mkuu wa idara ya kufunga keki. Akakata simu. Kukata haraka namna ile ni heshima tu, asionekane ananilazimisha.

Kwa hiyo hiyo ni mara ya kwanza. Mama Otaki ameshaleta aproni ya kiwanda yenye jina langu. Nimemwambia aitundike nje, asiharakishe mambo ya watu. Simu nimeiweka mezani, sauti hadi mwisho. Meneja akipiga tena nitakataa kidogo tu.