Sauti ya Bimkubwa

Jumatatu, 3 Machi
Imetosha! Miaka tisa nashona matundu ya vifungo kwenye karakana hii ya sare za shule, halafu eti usimamizi atapewa shemeji yangu, mshona kola! Kiti cha msimamizi kina mto. Kina magurudumu. Nakitaka. Mke wangu kasema kaka yake anastahili. Lakini simu yangu ina programu ya akili mnemba inayoweza kumsemesha mtu yeyote jambo lolote. Na video ya hotuba ya mwaka mpya ya Bimkubwa, mwenye karakana, ninayo nzima. Ha!

Jumanne, 4 Machi
Nimeomba ruhusa, tumbo linauma. Uongo. Kutwa nzima chumbani na simu. Mara ya kwanza Bimkubwa katoka na meno arobaini. Mara ya tano, ni yeye kabisa! Anatangaza kwa sauti ile ile ya kugomba kwamba msimamizi ni mimi, na asiyetaka arudi kwao. Hilo la kurudi kwao nimeliongeza kwa ajili ya shemeji. Nimejipigia makofi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeituma video kwenye kundi la wafanyakazi, nikaingia kazini kifua mbele. Sauti ya Bimkubwa ikagomba kwenye simu ishirini kwa pamoja. Hakuna aliyenipongeza. Wote walikuwa wanatazama meza ya kukatia. Bimkubwa kasimama pale, shingo imefungwa kitambaa. Kumbe sauti imemkauka tangu jana asubuhi! Hawezi hata kunong'ona. Maagizo anaandika kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cheusi. Ningejuaje, na mimi naumwa tumbo? Akaandika: NANI? Shemeji, kwa upole wake wa kuudhi, akasema mtumaji ni mimi, namba inaonekana. Jamani!

Alhamisi, 6 Machi
Mwanasheria wa karakana kaja. Kasoma sheria mpya: kughushi sura au sauti ya mtu kwa akili mnemba ili kujipatia manufaa ni jinai, kifungo hadi miaka mitano. Nikawafikiria wanangu. Na aliyenitetea ni nani? Shemeji! Kasema nikifungwa, dada yake atabaki na nani. Nilimpenda kwa karibu dakika nzima. Bimkubwa akaandika hukumu: polisi hapana, msimamizi ni shemeji, mimi nitasoma kifungu hicho cha sheria mbele ya wote kila asubuhi, mwezi mzima, nimesimama juu ya kigoda.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Mashine zote kimya, watu ishirini wananitazama mimi tu, juu ya kigoda. Shemeji ana kiti, lakini nani alimtazama? Baadaye nikamwomba mwanasheria, aliyekuja kukagua usomaji wangu, anisomee kifungu taratibu mbele ya kamera ya simu yangu, nisije nikakosea. Akanisifu kwa bidii, maskini. Dakika nne, uso umekaa sawa, sauti safi. Jumatatu atatangaza mwenyewe kwamba ile sheria imefutwa na kiti ni changu. Na safari hii sikufanya pupa. Nimemuuliza kabisa: koo lake ni zima.