Nilivyowangoja Wazazi Nikiwa Ndani ya Stoo

Leo nimefungiwa kwenye stoo ya shule pamoja na magunia ya mahindi, na aliyenifungia hana kosa lolote. Kosa ni langu na la masomo yangu.

Wengi wenu mnajua nafanya shahada ya uzamili ya elimu (mwaka wa nne sasa, msiulize). Nadharia ninayoitumia, kwa ufupi, inasema watu hawabadiliki kwa kuhubiriwa. Wanabadilika wanapokutana na fundo katika shughuli yao wenyewe, wakatafuta pamoja kitu cha kulifungulia. Kazi ya mtafiti ni kukaa kando. Sasa mimi na kukaa kando hatujawahi kujuana.

Fundo tunalo. Shule ninayofundisha iko huku upande wa Malava, katikati ya miwa. Trekta likija kubeba miwa, akina mama wanaingia shambani, na wasichana wa gredi ya sita wanabaki nyumbani kulea wadogo zao. Kila msimu wanaachwa nyuma na masomo, na wengine hawarudi kabisa. Nimeita wazazi mikutano mitatu. Nauliza, "Tufanye nini?" Wananyamaza. Mwishowe mtu anasema, "Mwalimu, wewe ndiye umesoma. Tuambie." Na mimi (mdomo huu!) nawaambia.

Wiki jana msimamizi wangu chuoni akasikiliza rekodi zote. Akasema, "Hapa nasikia sauti moja tu, yako. Wazazi wakinyamaza tena wiki hii, tutafute mada nyingine." Miaka minne, halafu mada nyingine. Usingizi ulinihama.

Ndipo nikakumbuka jaribio moja la zamani ndani ya nadharia hiyohiyo. Unawaacha watu chumbani wakingoja kitu ambacho hakiji, halafu unaangalia watashika kitu gani cha kuwasaidia waanze wenyewe. Nikasema, hii ndiyo dawa.

Leo saa nane wakaja wazazi kumi na wanne. Nikabandika ukutani mchoro wangu wa pembetatu, ule wa kuonyesha nani anafanya nini, kwa zana gani, kwa lengo gani. Nikaweka simu mezani irekodi. "Nakuja sasa hivi," nikawaambia, nikatoka. Nikazunguka nyuma, nikaingia stoo ya chakula iliyopakana na darasa. Ukuta wa katikati ni wa mbao na una ufa. Nikapanda juu ya gunia na daftari langu (mtu mzima, mwenye mke).

Dakika tano, kimya. Dakika kumi, kimya. Nikaandika: "Wamekwama. Wanamtegemea mtafiti." Nikapigia mstari.

Halafu Mama Nekesa akasimama. Huyu ana ekari moja ya miwa na watoto watano, na katika mikutano yangu hajawahi kusema zaidi ya amina. Akasema, "Jameni, sisi tunangojanga trekta hata miezi miwili. Na tukingoja, si tunalimanga mahindi? Huyu mwalimu atatupata mbele. Tuombe tuanze."

Wakaomba, wakaanza. Nawaambia ukweli, nilisahau kuandika. Mama Nekesa aliuliza swali ambalo mimi sijawahi kuuliza: "Siku ya trekta, ni nani kijijini hana kazi ya miwa?" Wakawahesabu akina nyanya, mmoja mmoja, wale wasio na nguvu tena za kukata. Mama mwingine akasema kanisa lililo jirani na shule huwa tupu siku za wiki. Mwingine akasema basi wasichana wawaache wadogo zao pale na hao nyanya asubuhi, waingie darasani. Baba Wafula, mwanamume pekee pale, akabandua pembetatu yangu, akaigeuza, akaandika zamu za walezi upande wa nyuma. Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikiwaeleza hiyo pembetatu. Imefanya kazi siku ilipogeuzwa.

Macho yakanilowa, sitaficha. Watu hawa wana akili ya kunifundisha mimi na msimamizi wangu, na muda wote nilikuwa nimewafunika kwa maneno yangu. Wakafunga kwa sala. Kisha Mama Nekesa, ambaye wiki hii ndiye anayeshika funguo za stoo, akapita na kufuli akafunga mlango kwa nje.

Ningeita palepale. Sikuita. Ningesema nini? Nikapanga kutoka kwa dirisha, na stoo haina dirisha.

Mara simu yangu ikalia kule darasani. Mama Nekesa, aliyekuwa amerudi humo, akaipokea. Nikaweka sikio kwenye ufa.

"Hapana, mwenye simu hayuko. Alitoka akapotea... Ooh, ni wewe unamfundisha? Pole... Hapana, mkutano tumemaliza. Tumeelewana vizuri kabisa... Nani ameongoza? Ni sisi wenyewe."

Hapo nikapiga chafya. Vumbi la mahindi halina adabu.

Kufuli likafunguliwa. Wazazi wote walikuwa mlangoni, Baba Wafula mbele na jembe mkononi. Mimi nilikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Mwalimu," Mama Nekesa akasema polepole, "unafanyanga nini na chakula ya watoto?"

Ikabidi nieleze yote kabla niitwe mwizi: jaribio, ufa, gunia. Kueleza nadharia ukiwa na punje za mahindi ndani ya viatu ni kazi. Akanisikiliza hadi mwisho, simu bado mkononi, msimamizi wangu bado hewani.

"Kwa hivyo ulikuwa unatungoja sisi tukikungoja wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na muda huo wote hukusema neno?"

"Hata moja."

Akamgeukia Baba Wafula. "Andika huyu zamu ya kwanza. Watoto wachanga wanataka mtu wa subira."

Msimamizi alicheka mpaka nikamsikia bila spika. Mada yangu imebaki. Jumatatu trekta linakuja, na mimi nitakuwa kanisani na watoto kumi na mmoja, wawili bado wananyonya. Mwenye nadharia ya kumnyamazisha mtoto anayetaka titi, tafadhali anitumie kabla ya Jumapili.